Mjakaranda wa Kivuli: Kuanzia Mbegu Hadi Mti Utakaoketi Chini Yake

Maswali ni yale yale kila msimu. Mbegu zimekataa kuota. Mche umerefuka bila tawi hata moja. Mti una miaka sita na haujatoa ua. Nikiukata kichwa, utapanuka? Nimekusanya majibu hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili hata mtu ambaye hajawahi kuotesha mti wowote aweze kuanza na ganda la mbegu na kumaliza na kivuli.

Jambo moja lishike kabla ya mengine: kivuli cha mjakaranda hutengenezwa katika miaka minne ya mwanzo. Mti huu hukua upesi sana, na ukipata jua, maji na joto unaweza kupanda mita moja au zaidi kwa mwaka ukiwa mchanga. Uzembe nao hukua kwa kasi hiyo hiyo. Mti uliokosewa ukiwa na urefu wa kiuno unakuwa na ulemavu wa kudumu ukiwa na urefu wa paa, na hapo hakuna msumeno utakaourudisha. Ndiyo maana sehemu ya kulea umbo ni ndefu kuliko nyingine zote hapa chini. Usiiruke.

Kabla hujaamua

Asili ya mjakaranda ni kusini mwa Bolivia na kaskazini-magharibi mwa Argentina, penye msimu wa mvua wenye joto na msimu mrefu wa ukavu wenye ubaridi. Ratiba yote ya maji, ya kupogoa na ya maua inatokana na hali hiyo. Leo umeenea karibu kila mahali penye hali ya nusu-tropiki. Pretoria huko Afrika Kusini imepata jina la jiji la mijakaranda kutokana na mitaa yake iliyopandwa miti hii.

Mti mzima kwa kawaida hufikia urefu wa mita 10 hadi 15, na matawi yake huenea karibu kiasi hicho hicho. Kivuli chake ni chepesi. Kila jani limegawanyika katika vijani vidogo sana, kwa hiyo mwanga hupenya vipande vipande, nyasi huendelea kuota chini, na hewa hupita. Mimi napenda kivuli cha namna hii kuliko kile kizito kinachoacha udongo mtupu. Lakini ujue kwamba mjakaranda hupukutisha majani karibu na mwisho wa ukavu, kabla tu ya kuchanua, na kwa wiki kadhaa utakuwa na kivuli hafifu au usiwe nacho kabisa. Kwenye maeneo yenye majira ya baridi hii ni faida, maana jua linafika nyumbani wakati linapohitajika. Anayetaka kivuli kizito mwaka mzima apande mwembe.

Fikiria mahali kwa uzito kuliko unavyofikiria mbegu:

- Kaa mita 6 kutoka ukuta wa nyumba. Mita 8 ni bora zaidi. Kaa mbali vivyo hivyo na mabomba, shimo la majitaka na sakafu ya zege.
- Tazama juu. Kama kuna nyaya za umeme, hama. Mti ulio chini ya nyaya utakatwa kichwa na watu wengine, hata kama wewe hutaki.
- Usiupande kando ya bwawa la kuogelea, juu ya maegesho ya magari, au pembeni ya njia yenye vigae. Maua yakianguka hufunika ardhi yote, na yakilowa huteleza vibaya.
- Jua liwe la saa 6 au zaidi kwa siku. Mjakaranda uliobanwa na miti mingine huinama kutafuta mwanga na hubaki umeinama.
- Kama unapanda zaidi ya mmoja, acha mita 8 hadi 10 kati ya mti na mti.

Kuna na jambo la wajibu. Mbegu za mjakaranda zina mbawa na husafiri na upepo, na sehemu nyingine mti huu umeingia porini na kusukuma mimea ya asili pembeni. Afrika Kusini umeorodheshwa kuwa mti vamizi na kuna vizuizi vya kuupanda. Queensland huko Australia nako umeota porini. Uliza kwanza ofisi ya kilimo au misitu ya mahali ulipo. Na hata pale unaporuhusiwa, usiupande kando ya mto, bondeni, au mpakani na msitu wa asili.

Vitu vya kuwa navyo

- Maganda mawili au matatu ya mbegu yaliyokomaa, au mche mmoja wenye afya
- Viriba vyenye kina cha sentimita 20 au zaidi, vyenye matundu ya kutosha chini
- Mchanganyiko wa udongo wa juu sehemu 2, mchanga wa mto sehemu 1, na mboji iliyoiva vizuri sehemu 1
- Keni yenye matundu madogo
- Chandarua cha kivuli, au nyasi kavu za kufunikia kitalu
- Jembe na koleo
- Vijiti imara viwili vya kushikizia, na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli uliochanwa
- Matandazo: majani makavu, nyasi, maganda ya miti
- Mkasi mkali wa kupogolea, na baadaye msumeno mdogo
- Spiriti ya kufutia makali ya mkasi

Huhitaji homoni za kuotesha. Huhitaji pia mbolea ya viwandani ndani ya shimo la kupandia; mizizi michanga huungua nayo.

Hatua

1. Pata mbegu mpya. Tunda la mjakaranda ni ganda gumu, bapa na la duara, lenye upana wa sentimita 5 hivi. Linapokuwa la kijani, mbegu hazijakomaa. Subiri liwe la kahawia, lakini lichume kabla halijafunguka, maana likishafunguka upepo umeshabeba kilichokuwa ndani. Yaweke maganda juani kwenye sinia, mahali pasipo na upepo, mpaka yapasuke yenyewe. Ndani utakuta mbegu nyingi nyembamba zenye mbawa nyeupe zinazopitisha mwanga. Chagua zile ambazo katikati pamejaa kidogo ukipapasa kwa kidole. Zilizo bapa kabisa ni mapepe. Maganda yaliyolala chini kwa miezi mingi mara nyingi yamebaki matupu.

2. Loweka mbegu kwa saa 24 kwenye maji ya kawaida. Usizichemshe, usizikwaruze, usizitie moto. Watu wengi wamesikia kuhusu mbegu za miti zenye ganda gumu zinazohitaji maji moto, wakafanya hivyo kwa jakaranda na kuzipika. Mbegu hii ina ngozi laini. Maji ya kawaida yanatosha.

3. Panda moja kwa moja kwenye kiriba. Wengine huanza na sinia la kitalu kisha huhamishia kwenye viriba. Inawezekana, ila mjakaranda hushusha mzizi mkuu mapema, na ukiuvunja unapohamisha unapoteza muda. Weka mbegu mbili kila kiriba, zilale bapa, uzifunike kwa udongo mwembamba usiozidi nusu sentimita. Mwagilia kwa keni yenye matundu madogo ili zisifukuke. Weka viriba mahali penye joto na kivuli chepesi, na udongo ubaki na unyevu bila kuwa tope. Kwa joto la nyuzi 20 hadi 28 za Selsiasi, nyingi huota ndani ya wiki 2 hadi 3. Chache hukawia zaidi, kwa hiyo usimwage udongo kabla ya wiki 6.

4. Mche ukipata majani mawili matatu ya kweli, acha ulio imara na ukate ule dhaifu kwa mkasi usawa wa udongo. Usiung'oe, utatikisa mizizi ya mwenzake. Kisha uzoeshe jua polepole: saa mbili za asubuhi kwa wiki ya kwanza, nusu siku wiki ya pili, na baadaye siku nzima. Mche uliotolewa kivulini na kuwekwa kwenye jua la mchana mara moja hubabuka majani yote.

5. Panda bustanini mche ukiwa na sentimita 30 hadi 50, mwanzoni mwa mvua. Usiuache kwenye kiriba mpaka uwe mrefu kama mtu kwa kudhani unaupa nguvu. Mizizi iliyokaa muda mrefu kwenye kiriba huzunguka na kujikaba, na mti wa namna hiyo unaweza kusimama vizuri kwa miaka kadhaa kisha kuanguka kwa upepo wa kawaida. Ukiwa unanunua mche, chungulia chini ya kiriba. Kama mizizi minene imetoka na kujisokota, chagua mwingine hata kama ni mfupi zaidi. Mche mfupi wenye mizizi mizuri huupita mrefu wenye mizizi iliyosokotana, na hauchukui muda kuupita.

6. Pima kama maji yanapita. Chimba shimo la kina cha sentimita 40, lijaze maji, yaache yaishe, kisha jaza tena. Kama kesho yake maji bado yamo, mahali hapo patauozesha mti. Tafuta sehemu nyingine, au jenga tuta pana la kimo cha sentimita 30 hadi 40 na upande juu yake. Udongo wa kichanga na ule tifutifu unaufaa sana mti huu. Mfinyanzi unaotuamisha maji ndio adui.

7. Chimba shimo la kupandia lenye upana mara mbili au tatu ya kiriba, na kina sawasawa na kiriba, si zaidi. Shimo refu lililojazwa udongo laini hudidimia, mche unazama nao, na shina linaozea ardhini. Chana kiriba na ukitoe chote. Nyoosha mizizi iliyoanza kuzunguka, ikate kama imekakamaa. Simamisha mche ili mahali shina linapokutana na mizizi pawe usawa wa ardhi. Rudisha udongo ule ule uliochimba, ukiuchanganya na mboji kidogo tu. Ukijaza shimo lote kwa mboji tupu, mizizi itabaki humo ndani na haitakuwa na sababu ya kwenda mbali. Shindilia kwa mikono, si kwa buti.

8. Tengeneza kisahani cha udongo kuzunguka mche na umwagilie lita 10 papo hapo, hata kama mvua inanyesha. Weka matandazo ya unene wa sentimita 7 hadi 10, lakini yaache umbali wa kiganja kutoka kwenye shina. Matandazo yaliyolundikwa kwenye shina huozesha gome na kukaribisha mchwa.

9. Shikiza mche kama tu unayumba. Chomeka vijiti viwili, kimoja kila upande, nje ya mizizi, na ufunge kwa mpira wa baiskeli katika theluthi ya chini ya shina, ukiacha nafasi ya kutikisika. Shina linaponeneka hufanya hivyo kwa sababu upepo unalisukuma. Ukilifunga kabisa linabaki jembamba na legelege. Usitumie waya wala kamba ya nailoni. Baada ya mwaka mmoja ondoa vyote.

10. Mwagilia kwa wingi na kwa nafasi. Mwezi wa kwanza, lita 10 hadi 15 kila baada ya siku mbili au tatu kama hakuna mvua. Baada ya hapo, kwa mwaka wa kwanza, lita 20 hadi 30 mara moja kwa wiki wakati wa ukavu. Mwaka wa pili, kila wiki mbili. Kikombe kimoja kila jioni ni desturi mbaya kwa mti wa kivuli: hulowesha sentimita chache za juu, mizizi ikapanda kufuata maji, na ndiyo hiyo baadaye inayoinua vigae. Kuanzia mwaka wa tatu, mti ulioshika ardhi huvumilia ukavu wenyewe.

11. Usiguse kichwa. Hapa ndipo miti mingi inapoharibiwa, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Mjakaranda mchanga mara nyingi hupanda juu kwa shina moja, bila tawi, hadi kufikia mita moja na nusu au mbili. Pembeni yake utaona vitu virefu vilivyotandaa na utadhani ni matawi. Si matawi, ni majani. Jani moja la mjakaranda linaweza kufikia sentimita 40 na zaidi, na vijani vyote vidogo unavyoviona vimepangwa juu ya kikonyo kimoja. Ukavu ukifika, vijani hupukutika, kisha kikonyo nacho huanguka, na mwenye mti hubaki na fimbo iliyosimama. Wengi hapo huamini mti umekufa au “matawi yote yamekatika”. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha: likiwa la kijani chini yake, mti uko hai na utachipua.

Wengine wanaiona fimbo hiyo, wanaona haina matawi, wanaikata ncha ili “ipanuke”. Inachipua kweli. Hutoa machipukizi mawili, matatu au manne pale pale penye jeraha, yote yakielekea juu, yote yakiwa na nguvu sawa, na yote yakiwa yameshikana katika sehemu moja nyembamba. Baada ya miaka kumi hayo ni mashina mazito yanayosukumana, na siku ya dhoruba mti unapasuka katikati. Juu ya hayo, umbo la mwavuli halitapatikana tena; unapata fagio lililosimama. Mti ukiachwa na ncha yake hujigawa wenyewe ukishafika kimo unachotaka kukaa chini yake.

Kwa hiyo katika miaka miwili ya mwanzo kazi yako ni kulinda ncha moja. Ikitokea ncha mbili zinashindana, chagua iliyonyooka na uifupishe nyingine kwa nusu, na msimu unaofuata uiondoe kabisa. Kama ncha imevunjwa na mbuzi au upepo, subiri machipukizi yatoke, chagua moja lililo imara, lifunge kwa ulaini kwenye kijiti lisimame wima, na uondoe mengine yangali mabichi.

Vitawi vidogo vinavyotoka chini ya shina usivifyeke vyote kwa haraka. Vinalisha shina na kulikinga na jua. Vifupishe hadi sentimita 20 au 30, uviache vifanye kazi, na uvitoe kimoja kimoja vinapokaribia unene wa kidole gumba.

12. Chagua matawi makuu. Mti ukipita mita 3, kwa kawaida kati ya mwaka wa tatu na wa nne, amua kimo cha tawi la chini kabisa. Kwa mtu kupita bila kuinama, mita 2 na nusu zinafaa. Kumbuka kwamba tawi halipandi juu mti unapokua. Lilipo leo ndipo litakapokuwa miaka ishirini ijayo, likiwa nene zaidi na likilemewa kushuka. Kisha teua matawi matatu hadi matano yatakayobeba kivuli chote. Yanayofaa ni yale yaliyoelekea pande tofauti, yaliyopishana kwenye shina kwa angalau sentimita 30 kutoka moja hadi jingine, na yaliyo membamba kuliko shina kwenye maungio.

Tazama maungio kwa makini. Tawi linalotoka kwa pembe pana, likiwa na mkunjo wazi, lina nguvu. Lile lililobana na shina kwa pembe kali, gome likiwa limemezwa katikati, litapasuka tu, ni suala la muda. Ubao wa mjakaranda si mgumu sana, na udhaifu huo hauusamehe. Liondoe tawi hilo leo likiwa na unene wa kidole.

Unapokata, usikate sambamba kabisa na shina, wala usiache kisiki. Pale tawi linapoanzia kuna uvimbe mdogo wa duara. Kata nje kidogo ya uvimbe huo, maana ndiko jeraha linakofungwa. Tawi zito likate kwa mara tatu: kata ndogo chini, sentimita 30 kutoka kwenye shina, kata ya pili juu, mbele kidogo ya ile ya kwanza, tawi lianguke bila kuchana gome, kisha ondoa kisiki kilichobaki. Usipake rangi wala lami kwenye kidonda, kiache kikauke.

Wakati mzuri ni mwisho wa ukavu, mti ukiwa hauna majani na kabla haujaanza kuchipua. Ukipogoa wakati huo unapoteza maua kiasi ya msimu huo, na kwa mti mchanga hiyo si hasara. Mti mzima unaweza kuusubiri umalize kuchanua. Kamwe usiondoe zaidi ya robo ya matawi kwa mwaka mmoja.

13. Ng'oa machipukizi wima. Baada ya kila ukataji mti hujibu kwa kutoa vichipukizi vilivyonyooka kwenda juu kutoka kwenye matawi makubwa. Pita baada ya wiki chache na uvivunje kwa mkono vingali laini. Vikishakomaa huhitaji mkasi, na kila kata huleta vingine.

14. Mbolea: mboji au samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa mwaka mwanzoni mwa mvua, itandazwe chini ya matawi mbali na shina. Inatosha.

Mambo yakienda kombo

Mbegu hazikuota. Mara nyingi zilikuwa changa, kuukuu, au zilizikwa chini mno. Sababu ya pili ni ubaridi. Chini ya nyuzi 15 hivi husinzia na hatimaye huoza. Anza upya na mbegu za msimu huu, mahali penye joto zaidi.

Miche inaanguka ikiwa imenyongwea usawa wa udongo. Hiyo ni kinyausi, ukungu unaoletwa na maji mengi na hewa kidogo. Mche ulioanguka hauponi. Toa ulioathirika, tenganisha viriba, punguza maji, mwagilia asubuhi badala ya jioni. Safari nyingine ongeza mchanga kwenye mchanganyiko na utumie udongo usiowahi kuoteshea miche.

Majani yana rangi ya manjano lakini mishipa imebaki kijani. Udongo wako una chokaa nyingi na mti unashindwa kuchukua madini ya chuma. Weka matandazo ya majani kila mwaka, tumia mboji, na usimwage majivu wala mabaki ya saruji karibu. Dawa ya chuma ya kunyunyizia majani husaidia kwa muda. Manjano ya jani zima, tena pamoja na udongo uliolowa, ni jambo jingine: mizizi inakosa hewa. Acha kumwagilia kwanza.

Kitu kinachonata kimeanguka juu ya viti na magari, na majani yana masizi meusi. Juu kuna vidukari wanaofyonza utomvu na kudondosha uchafu mtamu. Masizi ni ukungu unaoota juu ya utamu huo. Kwenye mti mdogo, wapige kwa maji yenye nguvu au nyunyiza maji ya sabuni laini jioni, yafike chini ya majani. Kwenye mti mkubwa, waachie wadudu-kibibi na wadudu wengine wanaokula vidukari. Mti unaotiwa naitrojeni nyingi huvutia vidukari zaidi.

Mti ni mkubwa na hautoi maua. Umri ndio swali la kwanza. Mjakaranda uliotokana na mbegu huweza kuchukua miaka 7 hadi 14 kabla ya ua la kwanza. Uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kitawi cha mti mwingine, huchanua mapema zaidi, wakati mwingine ndani ya miaka 2 au 3. Kama umri umetimia, angalia mbolea ya nyasi: naitrojeni inayowekwa kwenye ukoka hufika kwenye mizizi ya mti na kuleta majani mengi bila maua. Angalia pia maji. Mti uliozoea msimu wa ukavu kwao hauchanui vizuri ukimwagiliwa mfululizo mwaka mzima, kwa hiyo mti uliokomaa uache uone kiu kidogo kabla ya msimu wa maua. Sababu ya mwisho ni kivuli cha miti jirani au majengo.

Ncha zimekuwa nyeusi baada ya usiku wa baridi. Ni jalidi. Usikate chochote sasa. Sehemu iliyokufa inakinga iliyo hai. Subiri joto lirudi na machipukizi yaonekane, kisha kata hadi kwenye ubao wa kijani. Mti mkubwa hustahimili nyuzi chache chini ya sifuri kwa saa kadhaa, ila mche hufa. Kwenye maeneo ya namna hiyo funika mche kwa gunia usiku katika majira mawili ya baridi ya mwanzo, na ulifunue asubuhi.

Gome limechubuka chini kuzunguka shina. Karibu kila mara ni mashine ya kufyekea nyasi. Gome likikatika mduara mzima, mti hufa hata kama juu unaonekana mzuri kwa wiki kadhaa. Ondoa nyasi kwa mkono kwenye duara la mita moja kuzunguka shina na uweke matandazo, ili mwenye mashine asiwe na sababu ya kusogea.

Mizizi inainua njia. Kama ni mmoja au miwili midogo, kata kwa msumeno safi upande mmoja tu wa mti, mbali na shina kwa umbali usiopungua mita mbili, na usirudie mwaka huo huo. Mizizi minene kuliko mkono wako usiikate. Ndiyo inayoushikilia mti usianguke. Ng'oa vigae sehemu hiyo na uweke kokoto.

Mti ulishakatwa kichwa zamani na sasa ni fagio. Umbo lake la asili halitarudi, lakini unaweza kuufanya uwe salama. Kwenye kila kisiki kilichotoa machipukizi mengi, chagua moja au mawili yaliyoinama kwenda nje na kushikana vizuri, uyaondoe mengine kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Kama sehemu ya katikati imeoza, au kuna ufa unaoonekana kati ya mashina mawili na watu huketi chini yake, mwite mtu mwenye ujuzi wa kukata miti aukague kabla ya msimu wa upepo, na hamisha viti mpaka akague.